Daktari anataka kunitia dawa ndani ya jicho. Tuuze mtamba?

Mzee, pokea salamu kutoka Mumias.

Mimi ni fundi wa nguo, umri wangu miaka 56. Nashona karibu na soko na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Niligunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari mwaka 2011. Najua utacheka, kwa kuwa kila mtu hucheka: mtu wa Mumias, mji wa kiwanda cha sukari, kuugua sukari. Hata mimi nilicheka mwanzoni.

Macho yalianza kunisumbua kama miaka mitatu iliyopita. Halikuwa giza, Mzee. Mshono ninaojua kabisa nimeupiga ukanyooka, nikiutazama nauona umepinda katikati kama njia inayokwepa mti. Wateja nao naona masikio na kitambaa cha kichwa, lakini pua na mdomo ni ukungu. Nilipasuliwa mtoto wa jicho upande wa kulia kwenye kambi ya macho. Wenzangu wa foleni walikuwa wakiingia na kutoka, mimi nikakaa humo muda mrefu, na aliyenipasua akasema lilikuwa gumu kidogo lakini limekaa sawa. Niliona vizuri miezi minne hivi, halafu ukungu ukarudi.

Ndipo nikatumwa hospitali moja Kisumu. Walinipiga picha ya nyuma ya jicho wakasema maji yamejaa kwenye makula, yaani katikati ya sehemu ya kuonea. Tangu hapo nimedungwa dawa iitwayo Avastin ndani ya jicho hilo mara saba kwa muda wa miezi ishirini na miwili. Nilikuwa nikiambiwa nirudi baada ya mwezi, lakini mara pesa hakuna, mara shule zinafunguliwa na siwezi kufunga cherehani, na mara mbili nilifika nikaambiwa dawa imekwisha. Nauli yangu na ya kijana anayenivusha barabara, pamoja na chakula, haipungui shilingi 1,600 kwa safari.

Mwezi uliopita daktari alitazama picha, akatikisa kichwa. Akasema uvimbe huu ni sugu, sindano hazifanyi kazi, afadhali aniwekee kitu kama kidonge kidogo cha steroidi ndani ya jicho, kiwe kinatoa dawa chenyewe polepole kwa miezi. Bei aliyotaja ni ya kumtoa mtamba wetu zizini. Mume wangu amekubali. Shemeji yangu hataki kusikia. Anasema mtamba huyo ndiye maziwa ya kesho, na kwamba steroidi hupandisha sukari, eti kuna mtu kule Butere alipewa za pumu sukari ikafika 28. Binti yangu aliye chuoni Eldoret naye anauliza: si hiyo ndiyo dawa wakimbiaji wanafungiwa nayo?

Naogopa kupofuka kabisa. Baba yangu alikufa akiwa haoni macho yote mawili, ingawa yeye hakuwa na sukari. Watu walisema ni mambo ya ugomvi wa shamba. Sukari yangu asubuhi hucheza kati ya 10 na 13. Vidonge nameza, na mwaka jana waliniongezea cha tatu. Miguu huvimba jioni lakini nadhani ni kukaa sana kwenye cherehani.

Niambie, Mzee. Kitu hicho ni salama? Tuuze mtamba? Na nitaweza tena kutia uzi kwenye sindano bila kumwita mtoto?

Fundi, Mumias


Mama Fundi,

Salamu zimefika. Sikucheka. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, kwa sababu mambo mazito umeyaficha chini kabisa karibu na sahihi. Jibu la haraka, maana mtamba naye anangoja kujua: msimwuze wiki hii. Sijasema msimwuze kabisa. Yapo maswali yanayotakiwa kujibiwa kwanza, na kuyauliza hakuhitaji ng'ombe.

Wasomaji wapya wajue kwamba mimi si daktari. Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya macho mpaka nilipostaafu, na kazi yangu kubwa ilikuwa kumshika mkono anayedungwa na kumwambia atazame juu. Nitakayosema hapa yapeleke kwa daktari wako myazungumze.

Nianze na binti yako, kwa kuwa ameuliza swali zuri kuliko anavyodhani. Steroidi ni jina la ukoo, na ukoo huo una nyumba nyingi. Zile za kutunisha misuli ni nyumba moja. Za kutuliza uvimbe ni nyumba nyingine; mwili wenyewe hutengeneza za aina hiyo kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, na dawa ya jicho lako imetoka huko. Lakini asiambiwe amekosea. Mwaka 2022 tulisikia habari za wakimbiaji kadhaa wa Kenya waliopatikana na triamsinoloni, na hiyo ni ndugu wa damu wa dawa unayotaka kuwekewa. Tena triamsinoloni hiyo hiyo madaktari wa macho wameidunga ndani ya jicho kwa miaka mingi kutibu uvimbe kama wako. Mwambie ni jamaa yake, ndiyo, ila wewe hushindani na mtu.

Shemeji naye ana haki nusu. Steroidi za kumeza hupandisha sukari kweli, na habari za mtu wa Butere sizipingi. Tofauti iko kwenye kipimo. Wakati wa korona, wagonjwa waliozidiwa hospitalini walipewa deksamethasoni miligramu 6 kila siku, hadi siku kumi. Kipandikizi (ndilo jina la kitu unachotaka kuwekewa) kinachojulikana zaidi, Ozurdex, kina deksamethasoni hiyo hiyo miligramu 0.7. Hiyo si ya siku moja, ni yote, ya miezi yote, na inakaa ndani ya jicho. Inayopenya hadi kwenye damu ni kidogo mno. Hatari ya dawa hii iko ndani ya jicho lenyewe, nitaifikia. Shemeji amesimama na rungu mlangoni, na mwizi yuko dirishani.

Sasa kitu chenyewe. Kina urefu wa milimita 6 na unene usiofika nusu milimita. Chukua uzi mzito wa kushonea jinzi, ukate kipande kifupi kama punje ya mchele; hapo umekiona. Dawa imechanganywa na kitu kinachoyeyuka chenyewe, jamii moja na zile nyuzi za kushonea kidonda ambazo hazihitaji kutolewa. Watakutia ganzi, watasafisha jicho kwa iodini, kisha kwa bomba lake maalumu watakisukuma ndani kupitia weupe wa jicho, kama milimita 4 kutoka kwenye duara jeusi. Utasikia mlio mdogo, tik. Sindano yake ni nene kuliko ya Avastin na sitakuficha hilo. Baadaye ukigeuza jicho unaweza kuona kijiti kinaelea. Fundi mwenzio anaweza kudhani ni uzi umemwingia akasugua, wewe usisugue. Nguvu yake hufika kileleni karibu mwezi wa pili, halafu hushuka, na kati ya mwezi wa nne na wa sita wengi huona ukungu unarudi. Kipo kingine kiitwacho Iluvien, chenye fluosinoloni, ambacho hutoa dawa hadi miezi 36, lakini ganda lake haliyeyuki, linabaki humo. Muulize daktari anazungumzia kipi, akuandikie jina. Kati ya miezi sita na miaka mitatu kuna ng'ombe kadhaa.

Neno lililonisimamisha kwenye barua yako ni "sugu".

Makula ni ile sehemu ndogo katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, unayotumia kusoma, kutambua sura na kufuata mshono. Sukari ikiishi juu miaka mingi, mishipa midogo ya damu huko nyuma huharibika, retina hukosa hewa ya kutosha, nayo hutoa kemikali ya kuomba msaada iitwayo VEGF. Msaada wenyewe ni balaa, kwa sababu VEGF huilegeza mishipa izidi kuvuja. Maji yanajaa, makula inavimba kama kitambaa kilicholowa kikafanya mawimbi, na mshono wako ulionyooka unaonekana umepinda. Kazi ya Avastin ni kuinasa hiyo VEGF. Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo. Madaktari wa macho ndio waliogundua kwamba tone lake dogo linafaa kwa jicho, na kwa kuwa chupa moja hugawanywa kwa watu wengi, bei hushuka.

Ila Avastin na ndugu zake hufanya kazi wiki chache tu kisha huisha. Katika utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2010, waliodungwa dawa ya kuzuia VEGF kwa uvimbe kama wako walipata kwa kawaida sindano nane au tisa mwaka wa kwanza peke yake. Wewe umepata saba karibu miaka miwili, na kutokana na ulivyoeleza, nyingine ziliachana miezi mingi. Sikulaumu hata kidogo. Najua barabara hiyo, najua mwezi wa sare, na kufika ukaambiwa dawa imekwisha si kosa lako. Lakini shamba lililonyeshewa mara saba kwa misimu minne haliwezi kuitwa bovu mpaka limepata mvua ya kufuatana.

Kwa hiyo tafuta kadi yako na uandike tarehe zote saba kwenye karatasi. Kisha mwombe daktari alinganishe tarehe hizo na picha zako za OCT, zile za nyuma ya jicho. Je, kuna wakati ulidungwa miezi miwili au mitatu mfululizo? Unene wa makula ulishuka? Kama ulishuka halafu ukapanda ulipokosa kwenda, dawa inafanya kazi, kilichokosekana ni kalenda. Kama ulidungwa mfululizo na unene haukusogea, hapo neno sugu lina haki yake. Na muulize kama kuna njia ya kupata aflibesepti, ambayo ni sindano nyingine ya jamii hiyo. Utafiti wa mwaka 2015 ulizilinganisha, na kwa watu ambao macho yao yalikuwa yameshuka sana mwanzoni, waliodungwa aflibesepti waliongeza wastani wa herufi 19 kwenye chati baada ya mwaka, wa Avastin 12. Ni ghali, najua. Lakini kama mnazungumza bei ya mtamba, nayo iwe mezani.

Ukishaniona naelekea kukikataa kipandikizi, subiri. Suala la kalenda ndilo hilo hilo linalokipa kipandikizi maana kwako. Mtu anayeweza kufika Kisumu kila mwezi, ningemwambia aendelee na sindano kwanza. Wewe huwezi, na miezi ishirini na miwili imethibitisha. Dawa inayokaa humo ndani ikifanya kazi huku wewe unakata vitambaa si anasa. Tena steroidi hutuliza kemikali nyingi za uvimbe kwa pamoja, pamoja na VEGF, ndiyo maana uvimbe wa muda mrefu wakati mwingine huisikia steroidi baada ya kukataa Avastin. Na daktari amechagua jicho la kulia, lililokwisha kutolewa mtoto wa jicho. Hapo amefikiri vizuri. Katika utafiti wa miaka mitatu wa Ozurdex uliotolewa mwaka 2014, kati ya watu ambao lenzi yao ya kuzaliwa ilikuwa bado ipo, karibu 68 kwa kila 100 walipata mtoto wa jicho. Wale ambao hawakuwekewa dawa walikuwa kama 20. Jicho lako la kulia halina tena lenzi ya kuharibika. Siku watakapotaka kukuwekea la kushoto, ujue unaweka na upasuaji wa mtoto wa jicho kwenye bajeti.

Sasa baba yako.

Umemtaja kwa sentensi moja, na mimi hapo niliweka kalamu chini. Mtu asiye na sukari, anapoteza macho yote mawili, hakuna aliyejua sababu mpaka ikabidi ugomvi wa shamba ubebe lawama. Siwezi kumtibu marehemu kwa barua. Lakini ugonjwa unaopofusha kimya namna hiyo, bila maumivu, ukianzia pembeni na kuja katikati, mara nyingi ni glakoma, hii tunayoiita presha ya macho. Hurithiwa. Huwapata Waafrika zaidi, na mapema zaidi. Ukiwa na mzazi aliyekuwa nayo, wewe uko kwenye foleni.

Na hatari kubwa ya steroidi ndani ya jicho ni hiyo hiyo: kupandisha presha. Katika ule utafiti wa Ozurdex, kama watu 4 kwa kila 10 waliowekewa kipandikizi walifikia kutumia matone ya kushusha presha. Wengi matone yaliwatosha. Waliohitaji kupasuliwa kwa ajili ya presha hawakufika mmoja kwa mia. Ni takwimu nzuri, ila ni za watu waliokuwa wakipimwa kila mara. Presha ya jicho haiumi. Haiwashi. Inaweza kupanda kutoka 16 hadi 35 wewe unapiga vifungo na hujui, na neva ya jicho ikishakufa hakuna dawa, sindano wala mtamba wa kuirudisha.

Kwa hiyo ukifika, neno la kwanza kabla ya habari ya bei liwe: "Daktari, baba yangu alikufa haoni, na hakuwa na sukari." Atapima presha na kuitazama neva. Akikuta glakoma imekwisha kula sehemu kubwa ya neva, kipandikizi cha steroidi hakifai. Muulize pia jambo hili: baada ya ule upasuaji wa kambini ulipewa matone, na kwa kawaida huwa yana steroidi. Kama kuna mahali presha yako iliandikwa wiki zile, ni ushahidi wa bure. Aliyepandishwa presha na matone ya steroidi anaweza kupandishwa na kipandikizi pia.

Tukiwa bado kwa kambi hiyo: "lilikuwa gumu kidogo" inaweza isiwe na maana yoyote. Lakini lenzi ya bandia hukalia kiwambo chembamba sana, na katika upasuaji mgumu kiwambo hicho wakati mwingine huchanika nyuma. Kikiwa kimechanika, kipandikizi kinaweza kuteleza kikaja mbele ya jicho na kuharibu konea, kile kioo cha mbele. Daktari ataliona hilo kwa darubini yake kwa dakika mbili, ila anahitaji kujua kwamba upasuaji ulichukua muda mrefu. Aliyekupasua na anayetaka kukuwekea ni watu wawili tofauti, na hawajawahi kukutana. Kiungo pekee kati yao ni wewe.

Miguu: inaweza kuwa cherehani. Inaweza pia kuwa figo, ambazo kwa mtu wa sukari huharibika sambamba na macho, au moyo, au kile kidonge cha tatu. Soma jina lake. Kama ni pioglitazoni, huwafanya wengine wahifadhi maji mwilini, miguu ikavimba, na imeonekana kuchochea uvimbe wa makula pia. Usiiache kwa uamuzi wako. Ibebe pakiti uende kwa anayetibu sukari yako, apime mkojo, damu ya figo na shinikizo la damu. Na hiyo 10 hadi 13 ya asubuhi, Mama, ni ya juu. Ukimwaga dawa ya steroidi kwenye jicho huku sukari na shinikizo la damu vimekaa huko juu, utakuwa unarudi kununua dawa hiyo mpaka zizi liishe.

Tufike kwenye pesa, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Nimeona familia ikiuza kitu, inalipia dawa ghali siku moja, halafu mgonjwa haonekani tena kwa mwaka kwa sababu kilichouzwa kiliishia pale pale kwenye risiti. Kwa sindano za Avastin, kukosa kurudi kunakurudishia ukungu. Kwa steroidi, kukosa kurudi kunaweza kukuibia jicho. Kama bei ya mtamba inatosha kipandikizi tu na haibakizi nauli, mimi ningekushauri usikiweke. Hesabu yako iwe na kipandikizi cha kwanza, uwezekano wa cha pili ndani ya mwaka, kupima presha wiki ya sita hadi ya nane na kuendelea baada ya hapo, na chupa za matone kama zitahitajika. Habari njema ni kwamba kupima presha ya jicho hakuhitaji safari ya Kisumu. Kliniki ya macho ya karibu, iwe Kakamega mjini au hospitali ya macho ya Sabatia kule Vihiga, itakupima na kuandika namba, nawe utaipeleka kwa daktari wako kwa simu. Omba hospitali ikuandikie makadirio ya yote haya, na ikuonyeshe SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa kipi na kipi kinatoka mfukoni. Tangu NHIF, bima ya zamani, iondoke Oktoba 2024, usikubali jibu la mdomo kwenye dirisha la malipo.

Uliza pia triamsinoloni, yule ndugu wa wakimbiaji. Huisha mapema kuliko kipandikizi na huleta tabu zile zile za presha, lakini ni dawa ya kawaida na bei yake iko mbali sana chini. Kuna madaktari wanaoidunga kwanza kama jaribio: je, uvimbe huu unaisikia steroidi, na presha yako inavumilia? Daktari wako anaweza kuwa na sababu ya kutoitaka. Mwache aieleze.

Mambo yakikubali ukawekewa, siku chache za kwanza ziangalie kama mtoto mchanga. Jicho kuwa jekundu pale lilipodungwa ni kawaida. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, mwanga kuuma, au kuona kushuka ghafla ni uambukizo mpaka daktari aseme sivyo. Ni nadra, lakini hapo unapanda gari siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili. Na jirani akileta asali au maji ya mwarobaini ya kutia jichoni, mshukuru, weka asali kabatini. Halafu kuna kitu wewe fundi unacho ambacho wengine hawana: kitambaa cha mirabamiraba cha sare. Tundika kipande ukutani penye mwanga, funika jicho moja, tazama katikati, kisha badilisha jicho. Miraba ikianza kupinda upya, au shimo la ukungu likakua, usingoje tarehe ya kliniki. Hakichukui nafasi ya OCT, na presha hakiwezi kuiona.

Shemeji mchukue muende naye. Ndiyo, yeye. Mtu anayebishana kwa ajili ya mtamba ndiye atakayekumbuka kuuliza bei ya pili, na akimsikia daktari kwa masikio yake, maneno ya Butere yatapungua nyumbani. Mume wako amekwisha kukubali. Huyo huhitaji kumshawishi.

Umeuliza kama utatia uzi tena. Katika utafiti ule wa Ozurdex, waliopata nafuu kubwa, ya mistari mitatu au zaidi kwenye chati ya kusoma, walikuwa kama 22 kwa 100 baada ya miaka mitatu. Kwa wasiowekewa dawa walikuwa 12. Wengine wengi walipata nafuu ndogo au walibaki walipo, na kubaki ulipo kwa ugonjwa huu huwa ni kazi ya dawa pia. Kwa jicho lililovimba miaka mitatu, ningetarajia sura za wateja zirudi kiasi na mshono upunguze kona. Tundu la sindano sikuahidi. Pale mjini kwa wauza vifungo kuna kile kibati chembamba chenye waya wa kuvutia uzi, bei yake ni ya chai. Nunua viwili, kimoja kitapotea. Na oda za Januari chukua nusu, uache nafasi ya safari.